Mwendo wa hatari: mahakama hupima nini gari likiua mtu

Mtu akigongwa na kufa Jogoo Road au Outer Ring, hapa Nairobi, swali la kwanza mtaani huwa moja: dereva alikuwa anaenda ngapi? Ni swali la haki, lakini kesi ikifika mbele ya hakimu, jibu lake peke yake halimalizi jambo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ina makosa kadhaa yanayogusa kasi; hapa tutazame mawili. La kwanza ni kuzidisha kikomo cha mwendo. La pili ni kusababisha kifo kwa mwendo wa hatari. Dereva anaweza kutenda la kwanza asitende la pili. Anaweza pia kutenda la pili bila kugusa la kwanza, na hapo ndipo wengi hushtuka.

Kikomo ni hesabu tu. Kifungu cha 42 kinaweka kilomita 50 kwa saa ndani ya jiji, miji na vituo vya biashara. Matatu na mabasi hayaruhusiwi kupita 80 hata kwenye barabara kuu, ndiyo sababu yakafungwa vidhibiti mwendo wakati kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004. Ama umezidi, ama hujazidi.

Kifungu cha 46, kinachohusu kifo, hakitaji kilomita hata moja. Kinasema ni kosa kusababisha kifo cha mtu kwa kuendesha ovyo, au kwa mwendo au namna iliyo hatari kwa umma. Kisha kinamwagiza hakimu atazame mazingira yote: barabara ni ya aina gani, iko katika hali gani, inatumiwa na nani, na kuna magari mangapi wakati ule, au mangapi yangetarajiwa kuwapo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa. Dereva hawezi kusema tu kwamba barabara ilikuwa tupu, ikiwa ni saa ya watoto kwenda shule na kila anayepita njia ile anajua hivyo.

Chukua mfano wa kubuni. Matatu inashuka kwa 45 asubuhi, mvua inanyesha, steji imejaa watu, wachuuzi wamefika hadi ukingoni mwa lami, na mtoto anagongwa kwenye kivuko. Kikomo hakikuvunjwa. Bado hakimu anaweza kuona kuwa 45 mahali pale, saa ile, ulikuwa mwendo wa hatari. Sasa geuza: gari linakwenda 60 usiku, kwenye barabara ya 50 iliyo wazi, na mtu anachomoka ghafla nyuma ya lori lililosimama. Kikomo kimevunjwa. Lakini ikiwa hata kwa 50 dereva asingeweza kusimama, upande wa mashtaka una kazi kubwa ya kuonyesha kuwa kasi ile ndiyo iliyoua. Kile kibao cha 50 hakimpi dereva ruhusa ya kwenda 50 kila wakati. Ningependa kila anayekalia usukani katika jiji hili aelewe hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kipimo ambacho mahakama za Kenya hurejelea mara nyingi kinatoka katika uamuzi wa mwaka 1975, uliofuata msimamo wa Mahakama ya Rufaa ya Uingereza wa mwaka 1971. Mambo mawili lazima yathibitishwe: kwamba hali ilikuwa ya hatari ukiitazama kwa jicho la mtu wa kawaida, na kwamba ilisababishwa na kosa la dereva. Kosa hapa si lazima liwe ukaidi. Ni kushuka chini ya uangalifu na ujuzi wa dereva mzoefu, hata kwa sekunde chache.

Kesi nyingi huanguka kwenye ushahidi. Shahidi hupanda kizimbani akasema, "Gari lilikuwa kwa kasi sana." Kasi sana ni ngapi? Katika shtaka la kuzidisha kikomo, sheria yenyewe inakataza mtu kutiwa hatiani kwa maoni ya shahidi mmoja tu kuhusu mwendo. Kwenye kesi za kifo pia mahakama huyapokea maneno hayo kwa tahadhari. Kinachosaidia ni vitu vinavyoonekana: urefu wa alama za breki, mwili ulikoangukia, mchoro wa eneo la ajali uliochorwa na polisi, ripoti ya mkaguzi wa magari. Mchoro usipopimwa vizuri siku ile ile, au gari likisogezwa kabla ya vipimo, familia hukaa kortini miaka na mwishowe mshtakiwa anaachiliwa. Inauma, na mara nyingi lawama humwendea hakimu ilhali pengo liko kwenye faili.

Breki zikikatika ghafla bila dereva kuwa na njia ya kujua, huo ni utetezi. Aliyejua ni mbovu akatoka nazo hana utetezi huo. Na uzembe wa marehemu, kwa mfano kuvuka chini ya daraja la miguu badala ya kulipanda, haumsafishi dereva moja kwa moja. Mahakama huuliza kama uendeshaji wake nao ulichangia kifo.

Akipatikana na hatia chini ya kifungu cha 46, anaweza kufungwa hadi miaka 10, leseni inafutwa, na hawezi kupata nyingine kwa miaka 3 kuanzia siku ya kutiwa hatiani au ya kumaliza kifungo, ipi itakayochelewa.

Familia isichukulie kuachiliwa kwa dereva kuwa mwisho wa madai ya fidia. Kesi ya jinai hutaka kuthibitishwa pasipo shaka ya maana. Ya madai hutaka tu kuonyeshwa kwamba upande mmoja una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Katika kesi hiyo ya pili, lawama inaweza kugawanywa kwa asilimia kati ya dereva na marehemu, na fidia ikapunguzwa kulingana na mgawo huo.