Anayekaa na mgonjwa mahututi haharakishi kifo

Ujumbe huu hauishi kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi: ukimwona mtu wa kujitolea amekaa kando ya mgonjwa wako hospitalini, jua ameletwa "kummaliza". Si kweli.

Mtu huyo hadungi sindano wala hatoi dawa. Kazi yake ni kukaa. Huilowesha midomo iliyokauka kwa pamba yenye maji, humshika mgonjwa mkono, humwita muuguzi akiona anahangaika. Na sheria ya Kenya haimruhusu yeyote, hata daktari, kuharakisha kifo cha mgonjwa.

Una shaka? Muulize muuguzi msimamizi wa wodi ni nani aliyemruhusu, na mgonjwa amepewa dawa gani. Dawa huandikwa kwenye faili pamoja na saa.

Hofu hii naielewa. Watu hawa wa kujitolea huitwa waje hali ikishakuwa mbaya, basi mgonjwa akifariki kesho yake, lawama humwangukia aliyeonekana mwisho. Lakini kwetu mgonjwa hakuachwa peke yake tangu hapo. Alikaliwa, akasomewa Yasini. Wengine husema hasikii tena. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa 2020 ulipima ubongo wa wagonjwa waliokaribia kufa, wasioitika, na kwa baadhi yao bado uliitikia sauti.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiutume kwa mwingine. Yupo mgonjwa ambaye jamaa zake wako kisiwani Lamu, hawawezi kufika hadi asubuhi, na usiku huo hana mwingine wa kumshika mkono.