Uongo tunaoambiana kuhusu kuangalia ndege wa pwani

Tuanze na maji maana hapo ndo wengi wanakosea. Utasikia "nenda maji yakipwa, tope likiwa wazi ndege wanatoka kula." Wanatoka kweli, ila wanatawanyika tope zima na we umebaki ukingoni unahesabu vidoti huko mbali. Fika kama masaa mawili kabla maji hayajajaa, hapo bahari yenyewe inakusogezea ndege, kila wimbi linameza kipande cha tope na vitwitwi, hao ndege wadogo wa kula topeni, wanarudi nyuma mbio mbio mpaka wanabanana kwenye kafungu kamoja ka mchanga wakisubiri maji yatoke. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mpya, hata hilo fungu linaweza kufunikwa, basi watafute kwenye mabwawa ya nyuma.

Ndege anayesimama mguu mmoja kaumia? Hapana, mguu hauna manyoya unapoteza joto, kaukunja tu tumboni.

Flamingo nao hawazaliwi na ule waridi, kifaranga ni kijivu, rangi inatoka kwenye msosi.

Halafu kuna "vitwitwi wote wanafanana, bila kamera ya bei mbaya huwajui." Mi nasema achana na manyoya kwanza, angalia anavyokula. Kuna wenye macho makubwa na mdomo mfupi, anakimbia, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Kuna wanaodunga tope bila kupumzika kama sindano ya cherehani. Sululu yeye anazamisha mdomo mrefu uliopinda, na ncha yake inaweza kufunguka yenyewe huko chini akabana mnyoo huku sehemu ya mdomo iliyo karibu na uso imefumba.

Linaloniudhi zaidi ni "kuwarusha kidogo upate picha hakuna shida, si wana mabawa." Jamani, hao wanakula wapate mafuta ya safari. Oktoba 2022 Limosa lapponica mmoja, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, wa miezi kama 5 tu, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, alitoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Mafuta hayo yanakusanywa kwenye tope kama hilo unalolikanyaga, na kila ukiwarusha wanayachoma bure na muda wa kula unapita, maana maji hayamsubiri mtu. Ukiona wameacha kula wameinua vichwa wote kwa pamoja, ushasogea sana, rudi taratibu.