Je, wajua kwa nini simba dume hukubali kushirikiana na dume asiye ndugu yake?

Ukiwakuta madume wawili wa simba chini ya mgunga mmoja, huyu kamlalia mwenzake mgongoni, utaapa ni ndugu. Huenda hawana uhusiano wowote wa damu. Lakini ukikuta wanne au zaidi, hao kwa kawaida wamezaliwa kundi moja. Tofauti hiyo ina sababu.

Dume hufukuzwa kwao akiwa na miaka kati ya 2 na 4, kisha hutangatanga. Kulitwaa kundi la majike ni lazima awang'oe madume wenye kundi hilo, na akiwa peke yake ni nadra aweze. Hata akishinda, muda wenyewe ni mfupi: miaka 2 au 3 hivi, kabla ya wengine kuja kumng'oa yeye. Wageni hao huua watoto wachanga, maana jike aliyepoteza watoto huingia joto mapema. Kwa hiyo asiye na kaka hutafuta mwenzake porini, yeyote yule.

Haya yamejulikana kwa kufuatilia sura moja moja. Utafiti wa simba Serengeti ulianza mwaka 1966 na George Schaller, na umeendelezwa na wengine kwa miongo mingi. Tazama shavu la simba: kila unywele wa sharubu umeota penye kidoa cheusi, na vidoa vimejipanga kwa mistari. Mstari wa juu kabisa una vidoa vichache tu, na mahali vilipokaa juu ya mstari unaofuata hutofautiana simba kwa simba, hata shavu la kushoto na la kulia. Havibadiliki mpaka mnyama afe. Mtafiti huchora mashavu yote mawili kwenye kadi, akaongeza masikio yaliyochanika na makovu. Majike huwa rahisi zaidi: jike mmoja wa kundi huvishwa kola ya redio, naye hukupeleka kwa wenzake. Dume anayetangatanga anaweza kupotea kabisa, halafu akaibuka mbali akiwa na rafiki mpya. Hapo kadi ndiyo shahidi.

Mwaka 1991 vipimo vya vinasaba vilitoa jibu. Wakiwa wawili, kila mmoja ana nafasi nzuri ya kupata watoto. Wakiwa wengi, wachache huzaa sana na wengine hawaambulii kitu. Kaka hupata faida hata hivyo, kwani watoto wa ndugu yake wamebeba damu yake. Mgeni angepigana bure, na ndiyo maana wasio ndugu huishia wawili au watatu.

Usidhani ndugu ndiye mwaminifu zaidi, lakini. Watafiti walipowachezea madume ngurumo za wageni kwa spika, walioungana bila undugu waliifuata sauti sawasawa na ndugu, hata waliosikika walipowazidi idadi. Ni ujasiri wa ajabu, ila mwenye kundi akinyamaza ngurumo ya mgeni inapolia, keshalipoteza.

Ukienda Serengeti na kamera, piga picha ya shavu kabla ya manyoya ya shingoni, halafu pua: ya kijana ni ya waridi, na huzidi kuwa nyeusi umri ukisonga.