Swali tunalowauliza vibaya wagonjwa wa magonjwa sugu

Mimi ni mfamasia katika kliniki ya magonjwa sugu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwauliza wagonjwa swali moja kwa namna isiyofaa. "Hutumii mitishamba, sivyo?" ndivyo nilivyokuwa nikiwauliza, na karibu wote walinijibu kwamba hawatumii, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limekwisha kuwaonyesha jibu ninalolitaka. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, alinijibu hivyo mara tatu, ilhali vipimo vyake vya damu vilionyesha kuwa dawa haifikii nguvu inayotakiwa, nasi tukawa tunamwongezea dozi kila anaporudi. Siku ya nne nilimwuliza tu anapataje usingizi, ndipo aliponieleza kwamba kila asubuhi humeza vidonge vya mmea unaoitwa Hypericum perforatum, ambao watu wengi huutumia kutuliza huzuni.

Mmea huo huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunjavunja dawa nyingi, zikiwemo warfarini, vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI na dawa wanazopewa watu waliopandikizwa figo, kwa hiyo dawa hizo huondoka mwilini kabla ya kufanya kazi yake. Tena kuuacha ghafla kuna hatari yake: vimeng'enya hurudi katika hali ya kawaida kadiri siku zinavyopita, na ile dozi tuliyoipandisha inageuka kuwa kubwa mno, hata mgonjwa anaweza kuvuja damu. Mgonjwa yule alikuwa ameyabeba hayo yote bila kujua, nami nilikuwa nimechangia kumnyamazisha.

Wenzangu wengi katika fani hii huamini kwamba mgonjwa anayekwenda kukandwa, kuchomwa sindano za akupancha au kunywa mitishamba amekwisha kupoteza imani na hospitali. Utafiti hauungi mkono dhana hiyo. Mwaka 1998 John Astin alichapisha matokeo ya uchunguzi aliowafanyia watu zaidi ya 1,000 nchini Marekani, na akakuta kuwa kutoridhika na hospitali hakukuwa ndiko kunakobashiri nani atatumia tiba hizo. Waliozitegemea kama matibabu yao makuu walikuwa asilimia 4.4 tu. Wengine waliziongeza juu ya matibabu ya kawaida, na hasa wale ambao afya yao ilikuwa dhaifu. Miaka mitano kabla yake, David Eisenberg na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kati ya watumiaji kumi, takriban saba hawakuwa wamemwambia daktari wao. Ukiyaweka matokeo hayo mawili pamoja, unamwona mgonjwa ambaye bado anakuja kliniki, bado anameza dawa zake, lakini sehemu ya matibabu yake anaificha.

Ninapowasikiliza wagonjwa wa kisukari, baridi yabisi au maumivu ya mgongo ya miaka mingi, nasikia kwamba mtazamo wao kuhusu hospitali umegawanyika. Wanaiamini kwa dharura, kwa upasuaji, kwa vipimo, kwa insulini. Kinachowavunja moyo ni kumsimulia daktari mpya habari zao upya kila wanapohudhuria, kuambiwa kwamba majibu ya maabara ni mazuri ilhali hawawezi kupanda ngazi, na kupewa dakika chache mno kwa ugonjwa wanaoishi nao mchana na usiku. Anayewakanda huwapa saa nzima, na huwauliza habari za usingizi, hofu na chakula.

Saa hiyo si jambo dogo kitabibu. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk na wenzake waliwagawa wagonjwa 262 wenye maradhi sugu ya utumbo katika makundi matatu. Baada ya wiki tatu, waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa asilimia 28 katika kundi lililosubiri tu, asilimia 44 kwa waliopewa akupancha ya bandia bila mazungumzo mengi, na asilimia 62 kwa waliopewa akupancha hiyo hiyo ya bandia na mtoa huduma aliyewasikiliza kwa upole. Sidai kwamba tiba hizi zote ni usikivu mtupu, kwani kwa maumivu sugu akupancha halisi imeonyesha nafuu inayoizidi kidogo ile ya bandia.

Katika jambo moja, hata hivyo, sina unyumbufu. Kuongeza tiba si sawa na kubadilisha tiba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wagonjwa wa saratani ambayo haijasambaa ulionyesha kuwa waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa iliyofikia mara mbili na nusu ya ile ya wenzao waliotibiwa kwa kawaida.

Siku hizi nauliza hivi: "Mbali na dawa zetu, ni nini kingine kinachokusaidia?" Kisha nanyamaza, na ninachoambiwa nakiandika kwenye faili pamoja na dawa nyingine. Yule mgonjwa wa warfarini aliacha vidonge vyake kwa mpango tuliokubaliana, akapimwa damu mara kwa mara kwa majuma kadhaa huku dozi ikishushwa hatua kwa hatua, na daktari akaanza kuitibu ile huzuni, ambayo ilikuwa haijaandikwa popote katika faili lake.