Kushiba Huku Ukipunguza Uzito: Mbaazi, Samaki na Kipimo cha Korosho

Watu wengi wanaofika katika kliniki yetu ya lishe hapa Mtwara wakitaka kupunguza uzito huwa wameshajaribu njia moja kabla ya kutufikia, nayo ni kujinyima. Wanaacha kifungua kinywa, wanavumilia hadi alasiri, kisha usiku njaa inapowazidi wanakula chakula kingi kuliko kile walichojinyima mchana kutwa. Uzito usiposhuka, mtu hujilaumu kwamba hana msimamo. Mimi simlaumu, kwa sababu njaa ni amri ya mwili na ni wachache mno wanaoweza kuipinga kwa miezi mfululizo. Jambo ninalomwomba kila anayekuja ni ajifunze kupanga sahani itakayomshibisha bila kumpa nishati nyingi kupita mahitaji yake.

Shibe huanzia tumboni. Tumbo likitanuka kwa chakula chenye ujazo, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na utumbo nao hutoa homoni zinazopunguza hamu ya kula. Taarifa hizo huchukua takribani dakika 20 kukamilika, ndiyo maana anayekula haraka huongeza sahani kabla mwili haujamwambia kwamba kimetosha. Maji yaliyomo ndani ya chakula na nyuzinyuzi za mimea huongeza ujazo bila kuongeza nishati nyingi, na protini hukawiza njaa kurudi. Mafuta yana kilokalori 9 kwa kila gramu, ilhali wanga na protini zina 4, hivyo kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia huongeza takribani kilokalori 120 ambazo tumbo halizihisi hata kidogo.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, walilinganisha vyakula 38, kila kimoja kikiwa na takribani kilokalori 240, wakawauliza walaji kwa muda wa saa mbili wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kigezo. Viazi mviringo vya kuchemsha vilipata 323, samaki 225 na machungwa 202, wakati keki ilipata 65 tu. Viazi vilipokaangwa vikawa chipsi, alama zake zilikuwa 116. Washiriki walikuwa wachache, na ugali na muhogo havikuwamo, lakini funzo kuhusu chipsi linatuhusu moja kwa moja.

Katika mikoa ya Lindi na Mtwara tuna chakula ambacho ningekitaja cha kwanza kwa yeyote anayetaka kushiba, nacho ni mbaazi. Gramu 100 za mbaazi kavu zina takribani gramu 21 za protini na gramu 15 za nyuzinyuzi, na zikichemshwa hunywa maji mengi na kuongezeka ujazo. Inanisikitisha kuona familia inavuna magunia ya mbaazi, inauza zote, kisha inakula ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, kwa kitoweo kidogo. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, na protini yake haifiki gramu 3 katika gramu 100, kwa hiyo mlaji huongeza matonge akitafuta shibe ambayo ingetoka kwenye kitoweo. Mbaazi zilowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na asiyezizoea aanze na kiasi kidogo ili tumbo lisijae gesi. Za nazi ni tamu, nami sizikatazi, ila tumia tui jepesi badala ya kasimele.

Suala la korosho linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ndilo linalowaangusha wengi hapa kwetu. Mama mmoja anayeuza samaki alituambia kwamba tangu asubuhi hali chochote, isipokuwa anatafuna korosho za kukaanga akiwa kazini. Tulimpa bakuli la korosho, tukamwomba achote kiasi anachokula, na mizani ikasoma gramu 100. Kiasi hicho kina takribani kilokalori 570, sawa na karibu nusu kilo ya mbaazi zilizochemshwa. Tulipoziweka mbaazi hizo mezani kando ya zile korosho, alicheka, akasema hawezi kuzimaliza peke yake. Korosho ni chakula bora chenye protini na mafuta mazuri, na hakuna haja ya kuiacha. Pima konzi moja, takribani gramu 30, uile pamoja na mlo, na mfuko uurudishe kabatini.

Samaki tunaye baharini mwetu, na kinachoharibu mara nyingi ni kikaango. Changu wa chukuchuku mwenye ndimu na nyanya hushibisha kwa nishati ndogo kuliko yule aliyezama kwenye mafuta, na dagaa wa kuchemsha nao hufaa vilevile. Jaza nusu ya sahani kwa matembele, mchicha, kisamvu au bamia, robo iwe samaki au mbaazi, na robo iliyobaki iwe ugali, ikiwezekana wa dona au mtama. Anza kula mboga na kitoweo, ugali ufuate.

Kula tunda zima badala ya kulikamua juisi, kwa sababu nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio. Bibo bivu, yaani tunda la mkorosho, ni zuri, lakini likishachachuliwa kuwa uraka huongeza nishati ya pombe, ambayo ni kilokalori 7 kwa gramu. Soda ya mililita 330 huwa na takribani gramu 35 za sukari na haishibishi.

Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Wajawazito na wanaonyonyesha wasianze kupunguza chakula bila ushauri, na mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari afike kliniki kabla ya kupunguza ugali, kwa kuwa dozi ya zamani ikibaki vilevile sukari inaweza kushuka ghafla, akatokwa jasho, akatetemeka na hata kupoteza fahamu.