Fonti iliyobanwa na kuchakaa ni fonti gani?

Chukua bango la mechi kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara, lenye maneno KUMEKUCHA NANGWANDA SIJAONA. Hizo ni herufi 25. Ukizipanga mstari mmoja kwa fonti ya kawaida, itabidi uzipunguze mpaka abiria wa bajaji apite bila kuzisoma. Fonti iliyobanwa huchorwa tangu mwanzo ikiwa ndefu na nyembamba, mara nyingi kwa mistari minene na nafasi ndogo kati ya herufi, ili maneno marefu yakae pamoja na yasomeke kwa mbali. Kuminya fonti ya kawaida kwa kipanya si kitu kilekile: mistari iliyosimama hukonda, iliyolala hubaki minene, na herufi huharibika.

Kuchakaa ni jambo la pili. Herufi huwa na mikwaruzo, madoa na kingo zilizolika, kama zilizochapwa kwa kibao cha zamani. Na asili yake ndiyo hiyo hasa. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alibuni mashine ya kuchonga herufi za mbao, na herufi kubwa za mabango zikawa rahisi kutengeneza. Mbao hizo zikitumika sana zilichubuka, wino ukashika huku ukaacha kule. Wabunifu wa leo huiga hali hiyo kwa makusudi: huchapa herufi, huikunjakunja karatasi au kuisugua kwa msasa, huiskani, kisha huichora upya kwenye kompyuta.

Kwa aliyeko Mtwara au Lindi, mfano mzuri uko kwenye magunia ya korosho. Herufi zikipigwa kwa bati lililotobolewa, wino hushika nyuzi za juu za gunia na kuruka mashimo ya katikati. Piga picha chapa hiyo, utapata mchubuko wako mwenyewe, wenye asili ya hapa, usiofanana na wa kupakua mtandaoni.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulipita. NANGWANDA SIJAONA ina A tano na N nne. Fonti ikiwa na A moja tu, mkwaruzo uleule utajirudia mara tano mahali palepale, na jicho litagundua mara moja kwamba uchakavu ni wa bandia. Kiswahili kimejaa irabu zinazojirudia, kwa hiyo kasoro hii hutuumbua sisi haraka. Fonti nyingi nzuri za aina hii huwa na maumbo mawili ya kila herufi: moja kwenye herufi kubwa, jingine kwenye ndogo. Andika NanGWANDa, na zote zitatokea kubwa, huku kila A au N ikitofautiana kwa mikwaruzo na ile iliyoitangulia.

Usiipeleke fonti iliyochakaa kwenye stika za kukatwa kwa mashine. Vipande vidogo vya mikwaruzo hubanduka au hukatika vibaya. Tarehe, kiingilio na namba ya simu viandike kwa fonti safi, kwa sababu herufi ndogo iliyochubuliwa husomeka kwa shida, na 3 inaweza kudhaniwa 8.