Kabla ya Kuchimba Msingi wa Shule: Jua, Paa na Maji ya Mvua

Kila kiangazi, ofisi zinazosimamia majengo ya shule hupokea malalamiko yanayofanana: darasa jipya lina joto kuliko la zamani, na tangi la maji ya mvua limekauka siku chache baada ya mvua kukatika. Malalamiko hayo hayapuuzwi, lakini mengi huletwa jengo likiwa limekwisha kupauliwa, wakati ambapo mhandisi hana la kushauri zaidi ya marekebisho yenye gharama kubwa.

Ifahamike kwamba jengo rafiki kwa mazingira si lazima liwe na sola, wala si lile lililopakwa rangi ya kijani, kama baadhi ya kamati za ujenzi wa shule zinavyodhani. Sola inaweza kufungwa hata baada ya miaka mitano, ilhali mwelekeo wa jengo haubadiliki tena. Kwa kuwa Tanzania ipo karibu na ikweta, urefu wa darasa unapaswa kulala mashariki hadi magharibi, ili madirisha yatazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zisizo na madirisha ndizo zipokee jua la asubuhi na la alasiri. Uamuzi huu hauongezi hata mfuko mmoja wa saruji, mradi ufanyike kabla fundi hajavuta kamba.

Joto jingi la darasani hutoka kwenye bati lisilo na dari. Mfano unaojulikana ni shule ya msingi ya kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001 kwa ubunifu wa Francis Kéré, ambaye mwaka 2022 alipata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo. Pale, paa la bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali ya udongo, hivyo hewa hupita katikati na kuondoa joto kabla halijawafikia wanafunzi. Halmashauri zetu hazilazimiki kuiga umbo hilo, ila dari, matundu ya hewa chini ya paa na madirisha yanayokabiliana si mapambo ya kufutwa kwenye mchanganuo wa gharama fedha zinapopungua.

Kuhusu maji, hesabu ni rahisi na haifanywi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Mkoani Dodoma, penye mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, paa la mita za mraba 200 hupokea lita 114,000, na hata tukitoa moja ya tano kwa upotevu, hubaki zaidi ya lita 90,000. Shule hununua simtanki moja la lita 10,000, ambalo hujazwa na mvua kubwa moja au mbili, kisha maji mengine yote humwagika na kula msingi. Wanafunzi 400 wakitumia lita tatu kila mmoja kwa siku, tangi hilo huisha siku ya tisa. Gata, bomba la kutupa maji ya kwanza yanayoosha paa na nafasi ya matangi zaidi vinapaswa kuonekana kwenye michoro tangu mwanzo.

Katika eneo la mipangomiji, ujenzi huhitaji kibali chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, na kuwa mradi ni wa nguvu za wananchi hakufuti wajibu huo. Kwa upande wa mazingira, Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2005, kama zilivyorekebishwa mwaka 2018, zinapanga miradi katika makundi: A, ambayo tathmini ni ya lazima, B1, ambayo huamuliwa baada ya mchujo, yaani uchunguzi wa awali wa mradi, B2, isiyohitaji tathmini kamili, na kundi maalumu. Mwombaji hajipangii kundi mwenyewe. Kuanza mradi unaohitaji cheti cha tathmini hiyo kabla ya kukipata ni kosa linaloweza kuleta faini, kifungo au vyote viwili, mbali na amri ya kusimamisha kazi.

Kamati ya ujenzi inayotaka kubadili paa, madirisha au matangi iwasilishe ombi la maandishi kwa mhandisi wa halmashauri, likiambatana na mchoro uliorekebishwa na gharama mpya, kabla kamati ya manunuzi haijaagiza vifaa. Ombi linaloletwa pamoja na stakabadhi ya bati lililokwisha kununuliwa litarudishwa.